Sindano za chembe sahani na kidonda cha mguu kisichofunga: uchambuzi wa kisa cha mchuuzi wa dagaa, Mwanza

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wanafunzi wanaohudumia vidonda vya miguu. Jina la mgonjwa, umri wake kamili, mtaa anaoishi na vituo vyote alivyopitia vimeachwa kwa makusudi, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili asitambulike.

Usuli

Mgonjwa ni mama wa makamo anayeuza dagaa kwa jumla katika mmojawapo wa mialo ya Mwanza. Kazi yake huanza saa 11 alfajiri, mitumbwi inaporudi na dagaa wabichi kushushwa kwa ndoo, na huendelea hadi alasiri akiwa amesimama: kwanza ukingoni mwa ziwa akinunua, kisha kwenye chanja akisimamia uanikaji, kisha mbele ya magunia akipatana bei na wanunuzi wanaosafirisha kwenda mikoa mingine. Amezaa mara kadhaa. Mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kujitokeza katika ujauzito wa pili, na mama yake mzazi alikuwa na miguu ya namna hiyo hiyo. Kwa miaka mingi hakuihesabu kuwa ugonjwa, kwa sababu miguu iliyovimba jioni ilikuwa imepungua asubuhi, na hilo alilichukulia kuwa uchovu wa kazi.

Baadaye ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, ilibadilika rangi, ikawasha, kisha ikakakamaa. Siku moja alijigonga hapo kwenye kreti ya mbao. Mchubuko haukufunga, na kwa zaidi ya mwaka mmoja ukazidi kupanuka. Alipitia njia ambayo kila muuguzi wa chumba cha vidonda Kanda ya Ziwa anaijua: unga wa vidonge vya rangi mbili ulionyunyizwa juu ya kidonda, asali, majani yaliyotwangwa, kozi za antibiotiki zilizorudiwa bila kipimo, na fedha zilizotumika kwa mganga baada ya ndugu mmoja kusema kwamba amekanyaga kitu.

Hatua iliyofuata ndiyo inayokifanya kisa hiki kistahili kuandikwa. Katika kliniki moja binafsi alichukuliwa damu, ikazungushwa kwenye mashine ili kutenga sehemu yenye chembe sahani nyingi, yaani chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, na sehemu hiyo ikadungwa kuzunguka kingo za kidonda. Alielezwa kwamba chembe sahani zimebeba vichochezi vya ukuaji, yaani protini zinazoziamuru seli kugawanyika, kusogea na kujenga tishu mpya, na kwamba kidonda chake kimekosa protini hizo. Maelezo ya mwanzo yalikuwa sahihi, na kosa lilikuwa katika neno la mwisho. Sindano zilirudiwa, na kila baada ya sindano aliagizwa kupumzika nyumbani. Kidonda kilipungua, familia ikafurahi, naye akarudi mwaloni. Wiki chache baadaye kilikuwa kimerudia ukubwa wake, na sehemu kubwa ya mtaji wake ilikuwa imeishia kwenye sindano.

Hali aliyofika nayo

Alifika akichechemea, mguu wa kulia ukiwa na kiatu na wa kushoto ukiwa na ndala. Kidonda kilikuwa na urefu wa sentimita 7 na upana wa sentimita 5, kina kifupi, kingo zisizo sawa, na nyama nyekundu iliyofunikwa kwa utando wa manjano. Majimaji yalikuwa mengi kiasi cha kulowesha gozi, bendeji na kipande cha kanga alichokuwa amekifunga juu yake. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa ya kahawia iliyokoza na ngumu, imeshikamana na tishu za chini hata vidole havikuweza kuifinya, na sehemu iliyokuwa ikinyunyizwa unga wa vidonge ilikuwa na vipele vinavyowasha. Aliposimama, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyopindapinda ilijaa kutoka karibu na kinena, ikashuka upande wa ndani wa paja hadi chini ya goti. Kwa kadiri alivyokumbuka, hakuna aliyewahi kumwambia asimame ili mguu wake utazamwe.

Mapigo ya ateri kwenye unyayo yalishikika vizuri, na uwiano wa shinikizo la damu la kifundoni kwa lile la mkononi ulikuwa 1.0. Sukari ilikuwa ya kawaida na kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Kipimo cha sikoseli pia kilikuwa hasi. Kipimo hiki hakifai kurukwa katika kanda yetu, kwa kuwa eneo la Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi wa sikoseli nchini, na vidonda vya ugonjwa huo hupenda kutokea pale pale kwenye vifundo. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kimevuka mwaka, kinyama kidogo kilikatwa ukingoni kwenda maabara, na hakikuonyesha saratani wala kifua kikuu cha ngozi. Ultrasaundi ya Dopla, iliyopatikana baada ya kusubiri, ilionyesha kwamba vena za ndani ya misuli zilikuwa wazi na vali zake zilifanya kazi, lakini katika vena kubwa ya safena, ile ndefu ya juu juu inayopita upande wa ndani wa mguu, damu ilikuwa ikirudi chini kwa muda uliozidi sana nusu sekunde, ambayo ndiyo mpaka wa kawaida kwa vena za juu juu. Katika mfumo wa kimataifa unaoupanga ugonjwa huu kuanzia C0 hadi C6, mguu huu ulikuwa C6, yaani wenye kidonda kilicho wazi.

Kijana wake mkubwa, aliyekuwa amemsindikiza, alisubiri hadi uchunguzi ukaisha ndipo akauliza alilokuja nalo: “Dokta, tuongeze sindano ngapi ndipo kifunge?” Mama akamwambia anyamaze, daktari amalize kwanza. Lakini swali lilikuwa la haki, na kulijibu kunahitaji kueleza vichochezi vya ukuaji vinafanya nini hasa ndani ya mguu wenye vena zilizoharibika.

Vichochezi vya ukuaji katika mguu wenye shinikizo

Mtu mzima anaposimama tuli, shinikizo ndani ya vena za unyayo hufikia takriban milimita 80 hadi 100 za zebaki, kwa sababu nguzo ya damu kutoka moyoni hadi chini inazielemea. Anapotembea, misuli ya shavu la mguu huisukuma damu juu, vali huizuia isirudi, na shinikizo hilo hushuka hadi chini ya 30 hivi. Vali zikilegea, hata kutembea hakulishushi vya kutosha. Basi kwa mama huyu, saa zote za mwaloni zilikuwa saa za shinikizo la juu katika ngozi ile ile ya kifundoni.

Ukuta wa vena hauvumilii hali hiyo kimyakimya. Seli zinazouzungushia utando wa ndani huhisi mvutano na mabadiliko ya mkondo wa damu. Uchambuzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 uliitaja jeni ya PIEZO1, inayotengeneza protini ya kuhisi mvutano huo, miongoni mwa zile zinazohusiana na ugonjwa wa vena kuvimba. Seli zilizokasirishwa hivyo huvuta seli nyeupe, na zote kwa pamoja hutoa vichochezi vya ukuaji. Kichochezi cha fibroblasti (seli zinazotengeneza tishu za kuunganisha) na kile kitokanacho na chembe sahani, PDGF, huzisukuma seli za misuli laini za ukuta ziache kazi yake ya kukaza mshipa na kuanza kugawanyika na kutengeneza tishu za kujazia. Kichochezi kingine, TGF-beta1, huamuru kolajeni, protini inayoipa tishu ugumu, itengenezwe kwa wingi. Wakati huo huo vimeng'enya vinavyokata protini za ukuta huongezeka, hivyo mshipa unajengwa na kubomolewa bila mpangilio: sehemu moja huwa nene, nyingine nyembamba iliyotuna, na vali zilizokuwa zikikutana katikati haziwezi kukutana tena. Hapo damu hurudi chini zaidi na mvutano huongezeka zaidi. Kwa hiyo katika hatua hii ya mwanzo vichochezi vya ukuaji ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Katika ngozi mambo huwa mazito zaidi. VEGF, kichochezi kinachojulikana zaidi kwa kuotesha mishipa mipya, kilielezwa kwanza mwaka 1983 kwa sifa nyingine, kwamba huifanya mishipa midogo ivuje. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikilowesha kanga ya mama huyu. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 1998 ulipima VEGF katika damu ya wagonjwa wa vena na ya watu wenye afya, ukakuta viwango vya wagonjwa viko juu zaidi. Mishipa inayovuja huruhusu protini kubwa, ikiwemo fibrinojeni ya kugandisha damu, kutoka na kutanda ndani ya ngozi, na hutoa pia seli nyekundu ambazo zikivunjika huacha madini ya chuma. Chuma hicho ndicho chanzo cha rangi ya kahawia, na ndicho kinachoendelea kuzichokoza seli za kinga. TGF-beta1, ambayo vipimo vya ngozi za wagonjwa wa hatua ya C4, ile ya ngozi kubadilika kabla ya kidonda, vimeikuta kwa wingi, huigeuza ngozi hiyo kuwa ngumu.

Ikiwa vichochezi vipo kwa wingi kiasi hicho, kwa nini kidonda hakifungi? Mwaka 1993 Falanga na Eaglstein walipendekeza jibu ambalo mpaka leo linasaidia kufikiri: protini kubwa zilizovuja huvishika vichochezi vya ukuaji na kuvizuia visifike kwenye seli zinazovihitaji. Kijana wa mgonjwa alielezwa kwamba ni kama dagaa walionasa kwenye wavu: wapo ziwani, ukiwahesabu ni wengi, lakini hakuna anayeweza kuogelea kwenda popote. Kwa mtu aliyekulia mwaloni hayo yalitosha. Kwa msomaji wa tiba inafaa kuongeza mambo mawili. Majimaji ya kidonda sugu yana vimeng'enya vinavyovikata vichochezi vya ukuaji muda mfupi baada ya kutolewa. Isitoshe, fibroblasti zilizochukuliwa kwenye vidonda vya vena na kuoteshwa maabara zimeonekana kuwa nzito kuitikia, zimechoka kabla ya wakati, hata zinapopewa TGF-beta1 mpya. Kudunga vichochezi vingine mahali pa namna hiyo, huku shinikizo likibaki lile lile, ni kuvipeleka kwenye wavu ule ule.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusitisha sindano za chembe sahani. Haukuwa rahisi kwa familia, kwa sababu walishuhudia kidonda kikipungua. Walipoulizwa kwa utaratibu mama alikuwa akifanya nini katika wiki zile, walieleza kwamba alikuwa kitandani, mguu ukiwa juu ya mito, na binti akisimamia biashara. Haiwezekani kutenganisha sasa mchango wa sindano na mchango wa kupumzika, lakini kupumzika mguu ukiwa juu ya usawa wa moyo hushusha shinikizo la vena mara moja, na kunatosha peke yake kuleta nafuu ya aina ile.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha antibiotiki. Hapakuwa na homa, wala wekundu unaosambaa, wala maumivu yaliyozidi ghafla. Bakteria juu ya kidonda sugu wapo karibu kila mara, na kuwapo kwao si sababu ya kutoa dawa. Unga wa vidonge ulipigwa marufuku moja kwa moja kwa ajili ya vile vipele.

Uamuzi wa tatu, ambao ndio uliobeba matibabu yote, ulikuwa kufunga mguu kwa bendeji za kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, kwa lengo la takriban milimita 40 za zebaki kifundoni. Uwiano wa ateri wa 1.0 uliruhusu mbano huo. Ungekuwa chini ya 0.8 tusingethubutu. Kwa kuwa mfumo wa bendeji za tabaka nne haukupatikana, ilitumika pamba ya kulinda mifupa, kisha bendeji mbili zisizovutika sana zilizopishanishwa. Bendeji ya aina hiyo hubana kidogo mtu akilala na hubana sana misuli inapokaza wakati wa kutembea, jambo linalomfaa mtu anayeendelea na kazi. Pentoksifilini, dawa ya kusaidia damu kupita kwenye mishipa midogo, miligramu 400 mara 3 kwa siku, iliongezwa, lakini ilimletea kichefuchefu na akaiacha.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuitibu vena yenyewe bila kungoja miaka. Jaribio la ESCHAR la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2004, lilionyesha kwamba kuongeza upasuaji wa vena za juu juu kwenye bendeji za kubana hakukuharakisha kufunga kwa kidonda, kwani asilimia 65 walipona ndani ya wiki 24 katika makundi yote mawili. Hata hivyo waliorudiwa na kidonda katika miezi 12 walikuwa asilimia 12 kwa waliopasuliwa na asilimia 28 kwa waliofungwa bendeji peke yake. Jaribio la EVRA la mwaka 2018, lililotumia njia za kuiziba vena kwa ndani mapema, lilipunguza muda wa kati wa kupona kutoka siku 82 hadi 56. Njia hizo za EVRA mgonjwa wetu hakuweza kuzipata. Upasuaji wa kawaida uliwezekana, kwa sharti la daktari bingwa kwamba kwanza kidonda kiwe kisafi na kiwe kimepungua angalau nusu.

Mfuatano wa matibabu

Wiki za mwanzo hazikwenda vizuri. Bendeji iliyofungwa saa 3 asubuhi ilikuwa imelegea kufikia siku iliyofuata, kwa sababu uvimbe ulipungua haraka na mguu ukawa mwembamba ndani yake. Mara mbili alirudi ikiwa imelowa maji ya ziwa. Usiku aliifungua kwa ajili ya muwasho, na binti yake akairudisha kwa namna alivyoweza, yaani ikiwa imekaza juu na kulegea chini, kinyume cha inavyotakiwa. Kidonda hakikupungua, ila harufu ilipungua na maumivu ya usiku yaliisha, na hilo ndilo lililomfanya asikate tamaa.

Muuguzi wa zamu alikuwa na utaratibu wa kuweka karatasi ya plastiki angavu juu ya kidonda kila ziara, kuchora mzunguko wake kwa kalamu ya wino, kuandika tarehe na kuihifadhi kwenye faili. Baada ya muda alizipanga zote mezani moja juu ya nyingine, akaona jambo ambalo vipimo vya urefu na upana havikuwa vimelionyesha waziwazi. Mzunguko haukupungua kwa mwendo mmoja. Ulipungua kwa takriban siku kumi, ukasimama au kupanuka kidogo, kisha ukapungua tena. Alipomwonyesha mgonjwa karatasi hizo, mama alizitazama, akauliza tarehe za kupungua, kisha akasema bila kusita: “Mwanangu, hizo ni siku za mbalamwezi. Hatuendi mwaloni.”

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na wachuuzi hupumzika pamoja nayo. Kidonda kilikuwa kinafuata kalenda ya uvuvi. Hakuna kipimo cha VEGF kilichofanyika kwa mgonjwa huyu, wala hakikuhitajika. Karatasi zile zilionyesha kwamba saa za kusimama ndizo zilizokuwa zikiamua ukubwa wa kidonda, jambo linalolingana na matokeo ya utafiti wa London, ambapo kusimama kwenyewe kulipandisha VEGF katika damu ya wagonjwa.

Kuanzia hapo mpango ulipangwa upya kwa kufuata giza na mbalamwezi. Katika siku za giza bendeji zilibadilishwa mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, na mguu ukafunikwa kwa mfuko wa nailoni uliofungwa chini ya goti wakati wa kuwa karibu na maji. Kazi ya kusimama kwenye mizani ilichukuliwa na mpwa wake, naye akabaki na kazi ya kupatana bei, ambayo hufanyika vizuri tu mtu akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na mguu ukiwa juu ya kreti. Alielekezwa kwamba ikimlazimu kuwa wima, atembee. Kusimama tuli ndiko kunakomdhuru zaidi. Binti alifundishwa kufunga, akafunga mbele ya muuguzi, akafungua, akafunga tena, mpaka mbano wa kifundoni ukazidi wa chini ya goti. Kwa muwasho alipewa krimu ya steroidi ya muda mfupi kwenye ngozi iliyo nje ya kidonda.

Mwezi mmoja baada ya mabadiliko hayo, karatasi mpya zilianza kuwa ndogo kuliko za zamani hata katika siku za giza. Majimaji yalipungua kiasi kwamba gozi moja ilitosha. Ngozi mpya ya rangi ya waridi ilianza kutambaa kutoka kingoni, pale pale palipodungwa sindano hapo awali bila matokeo ya kudumu.

Upasuaji na matokeo

Kidonda kilipofikia chini ya nusu ya ukubwa wake, vena kubwa ya safena ilifungwa kwenye kinena na kutolewa hadi chini kidogo ya goti. Ucheleweshaji uliokuwapo ulitokana na malipo: bima hakuwa nayo, na mchango wa familia ulisubiri mauzo ya msimu. Alitembea siku iliyofuata, bendeji zikiwa mahali pake. Kidonda kilifunga kabisa katika mwezi wa tano tangu bendeji za kwanza.

Katika mwaka uliofuata, ngozi juu ya kovu ilichubuka mara moja, wakati wa joto kali alipoacha soksi za kubana kwa sababu zilimchoma. Mchubuko huo ulifunga ndani ya wiki chache baada ya kurudi kwenye bendeji. Ugumu wa ngozi umelainika kiasi, rangi ya kahawia imebaki, na inatarajiwa kubaki.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kushusha shinikizo, na kila kingine kilisaidia kwa kadiri kilivyotumikia lengo hilo. Inafaa kusisitiza kwamba bendeji ya kubana haipingani na tiba ya vichochezi vya ukuaji. Kwa maana halisi, yenyewe ni tiba ya vichochezi hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wagonjwa waliofungwa bendeji za namna hii na kukuta VEGF katika damu yao ikishuka kadiri vidonda vyao vilivyopona. Uvujaji ukipungua, protini zinazonasa hupungua, vimeng'enya vinavyokata hupungua, na vichochezi ambavyo mwili umekuwa ukivitengeneza muda wote hupata nafasi ya kufanya kazi. Kwa mtazamo wangu, huu ndio ufafanuzi ambao wauguzi wanaofunga bendeji wanastahili kuupata, kwa sababu wengi wao huichukulia kazi hiyo kuwa ya kushikilia gozi isianguke.

Sindano za chembe sahani zilishindwa kwa sababu zilitolewa kabla ya uchunguzi. Katika mlolongo wote wa kliniki ile hakuna hatua iliyouliza kwa nini kidonda kipo. Si haki, hata hivyo, kuihukumu njia yenyewe kwa kisa kimoja. Jeli ya PDGF iliyotengenezwa maabara iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari wenye mzunguko mzuri wa damu, ikiambatana na utunzaji kamili wa kidonda, na kidonda cha kisukari kina chanzo tofauti kabisa na hiki. Kwa vidonda vya vena, ushahidi wa sindano za chembe sahani bado haujatosha kuzifanya tiba ya kawaida. Ikiwa zitajaribiwa, mahali pake ni kwenye kidonda kisafi kilichokwama licha ya bendeji zilizofungwa sawasawa na vena iliyotibiwa, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajatoa mtaji wake.

Kufunga bendeji pia kulishindwa mwanzoni, na hapo sababu ilikuwa ya kawaida sana: mguu uliovimba hupungua ndani ya siku mbili tatu za kwanza, na bendeji ya ziara ya wiki moja haiwezi kuwa imekaza hadi mwisho wa wiki hiyo. Kubadilisha mapema katika wiki mbili za mwanzo kungepaswa kuwa kanuni kwa kila mgonjwa, bila kusubiri matatizo yajitokeze. Ultrasaundi nayo ilichelewa, ingawa kuchelewa huko hakukuzuia matibabu kuanza, kwani historia, mahali kidonda kilipo, rangi ya ngozi na mapigo ya ateri vilitosha kuanzisha bendeji siku ya kwanza. Kituo kisicho na Dopla kisitumie ukosefu huo kuwa sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na antibiotiki nyingine.

Karatasi za plastiki zilifanya kazi kuliko tulivyozitegemea, kwa gharama isiyozidi ya kalamu. Vipimo vya urefu na upana vilivyoandikwa kwenye kadi vilionyesha kidonda kinachosuasua. Michoro iliyopangwa pamoja ilionyesha mpangilio, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa na ufunguo wake. Historia ya kazi iliyoandikwa siku ya kwanza ilisema “mfanyabiashara”, neno ambalo halimwambii tabibu lolote kuhusu saa za kusimama. Sasa fomu ya kliniki ina mstari unaouliza mgonjwa husimama saa ngapi kwa siku, na katika siku zipi za mwezi.

Soksi za kubana zinabaki kuwa tatizo ambalo hatujalitatua. Jozi nzuri hupoteza mbano wake baada ya miezi sita hivi ya kuvaliwa kila siku, na bei yake ni mzigo kwa mchuuzi. Kwa mama huyu tumekubaliana avae soksi zenye mbano wa kati, ambazo anazivumilia kwenye joto, badala ya zile kali ambazo zingebaki kabatini. Mguu wake wa kulia una vena zilizotuna bila mabadiliko ya ngozi, yaani C2, na Dopla imeonyesha damu ikirudi chini kidogo. Upasuaji wa mguu huo hautaki kwa sasa. Soksi anavaa miguu yote miwili, na amepangiwa kupimwa tena katika siku za mbalamwezi, anapokuwa na nafasi.